Alisema Sawa

Ninayo mifuko ya plastiki ya kuhifadhia negativu ambayo imehama nami nyumba nne sasa. Mmoja una kipande cha fremu sita, za mwisho za mkanda wa Ilford HP5, namba 31 hadi 36. Nne za mwanzo ni za mwanamume mmoja aliyesimama kati ya magari mawili, kavaa reflekta ya njano, mkono mmoja kauinua kama anaelekeza gari lirudi nyuma. Mbili za mwisho ni njiwa. Fremu ya 33 ndiyo picha bora niliyopiga mwaka wangu wa kwanza chuoni na, nikisema ukweli, sijapiga nyingine ya kuizidi. Sijaionyesha popote tangu mwaka 2012.

Kilichonikumbusha ni swali. Binti wa dada yangu ameanza mwaka wa kwanza wa digrii ya upigaji picha huko Cape Town. Mwezi uliopita, saa tano usiku, akanitumia ujumbe: "Mama mdogo, shikamoo. Hivi nikishaomba ruhusa na mtu akakubali, si nimemaliza? Darasani wanabishana tu hadi basi." Nikamjibu kwa ile alama ya kidole gumba. Mtu mzima, mwandishi wa habari wa miaka kumi na kitu, mtoto kaniuliza swali zito namna ile, namjibu kwa kidole gumba! Usingizi haukuja. Haya ninayoandika ndiyo niliyopaswa kumwambia, ingawa sina hakika kama ni jibu.

Mimi nilisoma Durban. Baba aliuza kiwanja chake cha Mbagala ili niende, na mpaka leo sijui kama alielewa amekiuza kwa ajili ya nini. "Digrii ya kupiga picha?" aliuliza. "Miaka mitatu? Kwani yule kijana wa Kariakoo anayepiga za paspoti amesoma miaka mingapi?" Nikamwambia ni kama uandishi wa habari, ila wa picha. Neno uandishi wa habari lilimtuliza. Mama yeye hakuuliza, alinifungia pilipili ya unga.

Watu wanadhani mwaka wa kwanza wa upigaji picha ni kuzunguka mjini na kamera shingoni. Nusu yake ni kemia, nusu nyingine ni kusubiri kitu kikauke. Nilikuwa na Pentax K1000 ya mtumba, kamera ambayo haikufanyii chochote. Sindano ya mwanga inapanda na kushuka, mengine yote unayafanya mwenyewe. Wenzangu wengine walikuwa na kamera za kidijitali ambazo kwa bei yake ungenunua bodaboda, lakini mwaka wa kwanza wote tulilazimishwa kutumia mkanda. Mkanda mmoja, fremu 36. Kwangu mkanda mmoja ulikuwa chakula cha siku mbili, kwa hiyo kila nilipobonyeza nilisikia kama nimemeza tonge ambalo sitaliona tena. Hilo lilinifundisha kupiga kidogo. Lilinifundisha na ubahili, na huo nitaurudia.

Chumba cha giza kilikuwa chini kabisa ya jengo. Dawa ya kusafishia mkanda inatakiwa iwe nyuzi 20, na maji ya bomba ya Durban mwezi Februari yanatoka na joto lake, basi tunaingia na barafu kama wauza soda. Nilipenda kule chini kuliko sehemu yoyote ya chuo. Karatasi nyeupe inalowekwa, taa nyekundu, unaitikisa trei polepole, na uso wa mtu unaanza kutokea kutoka pasipo na kitu. Nilikuwa nawaambia wenzangu kwamba kwetu kazi hii inaitwa kusafisha picha. Walicheka sana. Mmoja akauliza: "Ilikuwa imechafuka na nini?"

Na kabla msomaji hajanikumbusha: ndiyo, kwetu picha inapigwa, na mtu anapigwa picha. Susan Sontag, katika kitabu chake cha 1977 ambacho kila mwanafunzi wa fani hii hupewa wiki ya pili, alifananisha kamera na bunduki, nami nikaona kumbe Kiswahili kilishalijua hilo zamani. Lakini nilijidanganya. Tunapiga pia simu, pasi, deki, mswaki na kura, na hakuna anayeumia. Falsafa iliyojengwa juu ya kitenzi kimoja huwa haifiki mbali.

Kilichoniumiza mwaka ule kilikuwa kikao cha kila Ijumaa. Unabandika picha zako ukutani, darasa zima linazitazama, na wewe huruhusiwi kusema neno mpaka wamalize. Wenzako wanakuchana. Mwalimu wetu alikuwa na maneno mawili tu kwangu: sogea karibu. Wiki ya kwanza sogea karibu, wiki ya tano sogea karibu. Ni ushauri wa Robert Capa, kwamba picha ikiwa mbaya ni kwa sababu hukusogea vya kutosha. Hakuna aliyetukumbusha kwamba Capa alikufa mwaka 1954, Vietnam, kwa kukanyaga bomu la ardhini.

Mwezi wa tano tukapewa kazi ya muhula: sura za watu kumi usiowajua. Sharti lilikuwa moja, kila mmoja uwe umemwomba ruhusa. Mimi mtoto wa Temeke niliyefundishwa kutomkodolea macho mkubwa, niliteseka. Nilikuwa naenda Warwick, kule sokoni kwenye makutano ya daladala zao, nasimama saa nzima na kamera ndani ya begi. Wazulu wana salamu yao, sawubona, ambayo ndani yake mna kuona, kama kusema tumekuona. Nilikuwa naisema vizuri kabisa. Halafu nashindwa kuendelea.

Siku moja, kwenye maegesho ya maduka karibu na nilipopanga, nikasikia Kiswahili. Mlinzi wa magari alikuwa kwenye simu, Kiswahili cha Kongo, kile cha "batu" na "biko". Aliyeishi Durban anawajua walinzi hawa. Wengi wanatoka Kongo. Kuna waliokuwa walimu, manesi, hata mawakili kwao. Wanasimama jua zima wakielekeza magari na kuyatazama, na hawana mshahara. Kuna maegesho ambayo mlinzi ndiye anayelipa kila siku ili aruhusiwe kusimama pale, halafu anaishi kwa sarafu za wenye magari, randi mbili, randi tano. Nilimsubiri amalize.

"Habari za kazi, kaka?"

Akageuka kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. "Aaa! Weye ni wa Tanzania. Munasemaka Kiswahili ya mu kitabu."

Tulizoeana. Alikuwa wa Uvira, alifundisha shule ya msingi huko, ana mke na watoto watatu wamebaki. Alikuwa akiniita dada japo alinizidi miaka ishirini, na mimi namwita kaka. Wiki ya tatu nikamwomba. Akafikiri kidogo. "Ni ya masomo, ee?" Nikasema ni ya masomo. "Sawa, dada." Siku ile hilo lilikuwa kweli. Nikamwambia afanye kama anavyofanya kazini. Akainua mkono, ingawa hakukuwa na gari lolote. Nilisogea karibu. Fremu nne.

Ijumaa iliyofuata mwalimu alisimama mbele ya picha ile bila kusema sogea karibu. Alikaa kimya, kisha akasema hii ni picha. Basi. Nilimpigia baba jioni ile ile, kwa vocha niliyokopa.

Mwezi wa kumi na moja kulikuwa na maonyesho ya mwisho wa mwaka. Nilitakiwa kuchagua picha moja na sikufikiri mara mbili. Tukaisafisha kubwa, sentimeta 50 kwa 60, tukaitundika. Watu walisimama. Mwanafunzi mwenzangu, kwa wema wake, akaipiga kwa simu pale ukutani na kuiweka Facebook na jina langu na pongezi. Wakongo wa Durban ni wengi na wanafahamiana. Haikufika wiki mbili, picha ilikuwa Uvira.

Niliyajua haya nilipompelekea nakala yake mwezi wa kumi na mbili. Nilikuwa nimeifunga kwa karatasi ya zawadi, nakwambia, utepe na nini. Aliishika bila kuifungua. Akaniambia kwamba kwao walikuwa wakijua anafanya kazi ofisini. "Banajua natumikaka mu biro," ndivyo alivyosema. Kisha: "Bibi alipiga simu. Akaniuliza, ile jile ni ya biro gani?"

Angenitukana ningeshukuru. Na hapa ndipo nilisema maneno ambayo nayajutia kuliko picha yenyewe. Nilisema: "Lakini kaka, si ulisema sawa?"

Alinitazama kama mwalimu wa shule ya msingi anavyomtazama mtoto aliyekosea hesabu rahisi. "Nilisema sawa kwako. Sikusema sawa kwa Uvira."

Sasa hili ndilo swali la binti wa dada yangu. Mtu akisema sawa, amesema sawa kwa nini hasa? Mimi nilidhani ruhusa ni kama mlango: umefunguliwa, umeingia, umemaliza. Yeye alinipa ruhusa ya kuonwa na mimi, pale, mchana ule, kwa ajili ya masomo. Nami nikaichukua kama ruhusa ya kuonwa, tena na yeyote. Kati ya hizo mbili kuna umbali wa Durban hadi Uvira.

Siku hizi kwenye kazi yangu tuna fomu. Mtu anasaini kwamba picha yake inaweza kutumika kwa matumizi yoyote, mahali popote, bila kikomo cha muda. Nimesainisha watu fomu ile wakiwa wamekaa chini ya turubai, nyumba zao zimesombwa na mafuriko. Mwanasheria ataniambia niko salama. Pengine. Lakini waliosoma fikihi wanaijua kanuni moja ya biashara ambayo naiona ina akili kuliko fomu zetu: huwezi kuuza samaki aliye bado baharini, wala ndege aliye angani. Si kwamba muuzaji ni mwizi. Ni kwamba hakuna kati ya wawili hao anayejua kinachouzwa ni nini. Wakubaliane, wacheke, wapeane mikono, bado hakuna mauziano pale. Ruhusa ya picha ni samaki aliye baharini. Mimi sikujua itafika ukubwa gani, yeye hakujua, na aliyeipeleka Facebook hakujua.

Mtu atanipinga, na amepinga tayari, mume wangu, tukiwa tunakula: kwa kipimo hicho hakuna anayeweza kukubali lolote. Hata ndoa tulisema ndiyo bila kujua. Ni kweli. Nimelifikiria hilo kwa siku kadhaa na naona tofauti iko hapa: kwenye ndoa, aliyesema ndiyo anabaki ndani. Akiona mambo siyo anasema, mnagombana, mnakaa kikao, wazee wanaitwa, na mlango wa kutoka upo. Picha inaondoka peke yake. Mwenye sura anabaki Durban kwenye maegesho, sura yake iko Uvira inajibu maswali ambayo hakuulizwa yeye. Kwa hiyo ruhusa ya picha ingepaswa kuwa kitu kinachoendelea, mpiga picha apatikane, aulizwe, aambiwe ishushe. Halafu najikumbusha kwamba nimepiga maelfu ya watu kwa miaka kumi na sina namba za simu za hata hamsini. Kwa hiyo nikisema hivyo najihukumu.

Mwaka wa kwanza hatukufika huku. Tuliletewa ile picha ya Kevin Carter, ya Sudan ya mwaka 1993, mtoto ameinama na tai nyuma yake. Ilimpa Pulitzer mwaka 1994 na miezi michache baadaye akajiua. Darasa zima liligombana kwa swali moja, alimsaidia yule mtoto au hakumsaidia? Ni swali la kweli. Lakini nikikumbuka, tulizungumza juu ya roho ya Carter saa mbili nzima, na hakuna aliyeuliza mtoto alikuwa na jina. Vivyo hivyo na yule mama wa California aliyepigwa na Dorothea Lange mwaka 1936. Lange hakumwuliza jina. Picha ikawa ya serikali, ikazunguka dunia nzima, na Florence Owens Thompson alikuja kutambulika hadharani mwaka 1978 tu, mwanamke wa zaidi ya miaka sabini, akiwa na uchungu kwamba hakuwahi kupata hata senti.

Mfano unaonisumbua zaidi ni wa hapo hapo Afrika Kusini. Tarehe 16 Juni 1976, Soweto, Sam Nzima wa gazeti la The World alimpiga picha kijana aliyebeba mwili wa Hector Pieterson, mtoto wa miaka 12 aliyepigwa risasi na polisi, dada wa Hector akikimbia kando. Huijui historia ya ubaguzi wa rangi kama hujaiona picha hiyo. Kijana aliyembeba aliitwa Mbuyisa Makhubo. Alichofanya ni kuokota mtoto wa mtu na kukimbia naye kutafuta msaada, kitu ambacho jirani yeyote angefanya. Picha ikamfanya awindwe na askari wa usalama. Akaikimbia nchi, barua ya mwisho kwa mama yake ikatoka Nigeria mwaka 1978, na hakurudi. Nzima naye alisumbuliwa mpaka akaacha kazi ya uandishi.

Ningekuwa mimi pale, ningepiga? Ningepiga. Ninge­mwomba Mbuyisa ruhusa? Hakuna mwenye akili timamu angefanya hivyo. Je, picha ile ingekuwa bora isiwepo? Siwezi kusema hivyo, na nadhani hata wewe huwezi. Basi kuna picha ambazo lazima zipigwe bila ruhusa, na ambazo mtu mmoja anazilipia kwa niaba ya taifa bila kuulizwa kama ana uwezo wa kulipa. Hilo ni deni. Sijaona popote panapoonyesha namna linavyolipwa.

Utamaduni wangu una neno ambalo wenzangu wa Durban hawakuwa nalo, nalo ni stara. Umsitiri mwenzio. Ukimkuta jirani yuko uchi unageuza uso, unamtupia khanga. Kinyume chake ni kumuumbua mtu. Kwa muda mrefu, baada ya yaliyotokea, nilishika neno hili kama dawa: mpiga picha mwema ni anayesitiri. Kisha nikaanza kazi, nikagundua neno hilo linapendwa mno na wakubwa. Ajali imetokea, polisi anakwambia msitiri marehemu, anasema kweli, unashusha kamera. Wiki inayofuata ukuta wa jengo umeangukia mafundi, meneja anakuja mbio, naye anasema dada hebu tuwe na stara. Anayesitiriwa pale ni mwenye jengo.

Ernest Cole, kijana aliyezaliwa mwaka 1940 karibu na Pretoria, aliwapiga picha wachimba migodi wakikaguliwa na daktari. Wako uchi, wamepangwa wameelekea ukuta, mikono juu. Imo kwenye kitabu chake House of Bondage, kilichotoka mwaka 1967 akiwa tayari uhamishoni na kikapigwa marufuku nchini kwake. Nilikaa na ukurasa ule maktaba mchana mzima. Hakuomba ruhusa, na asingeweza. Wako uchi kabisa, na bado sioni kama wameumbuliwa. Tunaona migongo yao; aliyeumbuliwa ni aliyewapanga pale. Ndipo nilipoanza kuuliza swali lenye manufaa kidogo kuliko la ruhusa: aibu iliyo kwenye picha hii ni ya nani?

Kwenye picha yangu, aibu ilikuwa ya nani? Ningependa kusema ya mfumo, ya vita vya Kivu, ya nchi inayomsimamisha mwalimu juani amlinde Toyota. Ndivyo nilivyoandika kwenye maelezo yaliyobandikwa pembeni ya picha, maneno mengi makubwa. Lakini picha yenyewe haikumfikia yeyote kati ya hao. Ilimfikia mke wake.

Rafiki yangu mmoja, mwandishi pia, alinikatisha niliposimulia haya. Akasema yule bwana alimdanganya mkewe, wewe unahusikaje? Hukuapa kumlindia uongo wake. Nami nakubali sikuapa. Lakini uongo ule ulikuwa wake, yeye ndiye aliyeujenga, na alikuwa na haki ya kuubomoa mwenyewe, kwa mdomo wake, siku ambayo angeweza. Labda alikuwa anangoja apate hiyo ofisi kwanza. Labda asingeubomoa kamwe. Ukweli ukisemwa na asiyehusika, kwa wakati usio wake, unabaki kuwa ukweli, ila umetumika kama fimbo.

Kuna jambo nimeliruka, na nimeona nikiliacha nitakuwa nimepiga picha nusu.

Siku ile, baada ya fremu ya nne, yeye naye aliniomba. Alisema: "Unipige na moja yangu." Alikuwa na koti kwenye begi, koti la suti, la kahawia. Alitaka avue reflekta, avae koti, asimame mbele ya mlango wa vioo wa benki iliyokuwa pale pale, amtumie mkewe. Nikamwambia mkanda umeisha, kaka, siku nyingine.

Haukuwa umeisha. Nilijitetea moyoni kwamba picha ile ingekuwa ya uongo, na sisi tulifundishwa ukweli, hatumpangi mtu. Mkono ule ulioinuliwa ni mimi niliyempanga! Gari halikuwepo. Uongo wangu niliuita utunzi, wake nikauita uongo.

Nilipokuja kusoma juu ya studio za zamani ndipo nilielewa alichokuwa anaomba. Bamako, kwa Seydou Keïta, aliyefungua studio yake mwaka 1948, watu walikuja kupigwa wakiwa na saa, redio, hata gari, na vingine vilikuwa vya Keïta mwenyewe. Kwetu studio za Zanzibar na Mombasa zilikuwa na makoti na tai za kuazima kwa ajili hiyo hiyo. Mteja analipa, anachagua atakavyoonekana, na picha anaondoka nayo. Hakuna aliyeiita udanganyifu. Mama ana moja ya babu kavaa tai ambayo hakuwahi kuimiliki, na ndiyo iliyotundikwa sebuleni. (Picha za Keïta zenyewe zilipoonyeshwa New York mwaka 1991, zilitundikwa bila hata jina lake, sembuse ya waliomo. Kila zinapofika mbali, jina linadondoka njiani.) Picha moja mtu anapigwa, nyingine anapiga kwa mkono wa mwenzake. Niliyemwomba ruhusa nilimnyima ya kwake.

Mwaka 2015, ghasia dhidi ya wageni zilipozuka Durban, nilikuwa nimesharudi Dar. Nilimpigia. Namba haikupatikana, siku ile wala baadaye. Mwaka 2019 jarida moja la nje liliniomba picha za watu wanaohamahama kwa ajili ya kazi, wanalipa kwa dola. Nilitoa mfuko, nikainua kipande dirishani, nikakirudisha. Sidai ni wema. Niliogopa tu.

Juzi nimempigia binti wa dada yangu, tukaongea karibu saa nzima. Nilimsimulia yote haya kwa mpangilio mbaya kuliko huu. Alisikiliza, kisha akauliza: "Sasa mama mdogo, hizo fremu mbili zilizobaki ulizifanyia nini?"

Nikamwambia. Nilikuwa nakwenda kituoni, nikawaona njiwa kwenye ukingo wa dirisha, nikawapiga mara mbili ili mkanda uishe nikausafishe.